Kuendesha baiskeli kutoka Malindi hadi Mombasa kuchangia utafiti wa saratani: naomba ushauri

MwalimuWaBarani:

Assalamu alaykum, na salamu kwa nyote. Mimi ni mwalimu wa kike hapa Malindi. Kikundi cha walimu na wauguzi ninaofahamiana nao kimeamua kuendesha baiskeli kutoka hapa hadi Mombasa mwezi wa Februari, ili kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Njia yenyewe ni ya kilomita 120 hivi, tunatarajia kuimaliza kwa siku moja Mungu akitujalia, na kila atakayeshiriki ameombwa akusanye angalau shilingi 20,000 kutoka kwa jamaa, majirani na marafiki. Nimekwisha kutia jina langu, kwa sababu mama yangu mdogo alifariki kwa saratani ya umio na niliona mwenyewe jinsi alivyofikia hali ya kushindwa kumeza hata uji.

Baiskeli ninayo na huiendesha kwenda kazini, lakini kutoka nyumbani hadi shuleni si mbali, na sijui mwili unaandaliwaje kwa mwendo wa kutwa nzima. Aidha mimi huvaa dera au baibui, na sitaki kuacha stara kwa ajili ya safari hii. Jambo linalonisumbua zaidi, hata hivyo, ni la fedha. Shemeji yangu, nilipomwendea kwa mchango, alinijibu kwa upole kwamba hawezi kumpa mtafiti pesa ilhali kuna mgonjwa hapo Muyeye asiyekuwa na nauli ya kwenda kliniki Mombasa. Sikuwa na jawabu. Je, wenye ujuzi mnalionaje?

MpandaWaKilifi:

Wa alaykumu salaam, mwalimu. Suala la fedha nawaachia wengine, mimi nitasema juu ya barabara, ambayo naijua kwa magurudumu.

Msimu mmeuchagua vizuri. Wakati huo kaskazi inavuma, na kwa kuwa barabara ya Mombasa inaelekea kusini, upepo utakuwa mgongoni mwenu sehemu kubwa ya njia. Mwenye kuifanya safari hiyo hiyo Julai, kusi ikiwa imekaza, hupigwa na upepo wa uso tangu Gede hadi Mtwapa na huenda akalazimika kulala Kilifi. Lakini kaskazi ni majira ya joto kali, na kufikia saa nne asubuhi lami huanza kurudisha moto usoni, kwa hiyo ondokeni mara tu baada ya sala ya alfajiri ili nusu ya kwanza iishe kabla jua halijapanda. Tazameni kalenda pia. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na kilomita 120 juani kwa mtu aliyefunga si jambo la kulifanyia majaribio. Januari ingekuwa bora.

Kutoka Malindi hadi Gede ni kilomita 16 hivi za tambarare, na hapo watu wengi hujidanganya kwa kwenda mbio. Baada ya Gede mnauacha msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kulia, na kwa muda maduka yanakuwa machache, kwa hiyo kila mmoja awe na maji yake na asitegemee ya mwenzake. Mkipita Matsangoni na Tezo mnaingia Kilifi, ambako mtakuwa mmemaliza nusu ya safari. Kuleni hapo, pumzikeni, lakini msikae hadi misuli ikapoa kabisa. Juu ya daraja la Kilifi upepo wa baharini hupiga ubavuni kwa ghafla, hasa lori linapokupita na kukukinga kisha kukuachia. Shikeni usukani kwa mikono miwili na msisimame kupiga picha. (Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991, kabla yake wazee wetu walikuwa wakingoja kivuko, na naamini wangelitushangaa kwa kuvuka bila hata kulitazama.) Kuanzia njia ya Takaungu hadi Vipingo barabara hupanda na kushuka katikati ya mashamba ya mkonge, na vilima vile, ambavyo ndani ya matatu huvihisi hata kidogo, ndivyo vitakavyowapima.

Sehemu ya kuogopa si vilima bali ni Mtwapa hadi daraja la Nyali. Matatu husimama popote, bodaboda huja upande usio wake, na kufikia hapo mtakuwa mmechoka na hamwoni vizuri. Ushauri wangu ni kwamba muombe polisi wa trafiki wawasindikize kuanzia Mtwapa, na wakikataa, basi mmalizie Mtwapa penyewe. Wafadhili wenu hawatadai kurudishiwa pesa kwa sababu ya kilomita hizo zilizobaki.

Kuhusu mwili, una muda wa kutosha ukianza sasa. Kila mwisho wa juma ongeza mwendo kidogo: nenda Gede urudi, kisha nenda Matsangoni urudi, na wiki mbili tatu kabla ya safari nenda hadi Kilifi ukiwa na mwenzako. Wiki ya mwisho pumzika, usijaribu kufidia mazoezi uliyoyakosa. Miguu huzoea upesi; kinachochelewa ni makalio, kiuno na viganja, na hivyo havina mazoezi mengine isipokuwa kukaa juu ya tandiko kwa saa nyingi. Kunywa kabla ya kiu, na usinywe maji matupu kutwa nzima, kwa maana jasho linatoka na chumvi. Dafu ni zuri, maji yenye chumvi kidogo na sukari ni mazuri pia. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa moja: ndizi, tende, kiazi kitamu cha kuchemsha. Mahamri na mbaazi ziwekeni kwa ajili ya Mombasa.

FundiMaweni:

Naongeza machache kwa mwalimu. Baiskeli ya kwendea kazini inaweza kufika Mombasa, ila si katika hali iliyo nayo sasa. Ipeleke kwa fundi mwezi mmoja kabla, akaze spoki, anyooshe rimu, afungue vikombe vya mbele na nyuma abadilishe gololi zilizokwisha na kutia grisi mpya, kisha uifanyie mazoezi ikiwa hivyo hivyo. Kubadilisha vitu usiku wa kuamkia safari ni kujitafutia kuharibikiwa njiani. Tandiko lipandishwe mpaka uweze kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini na mguu ukanyooka; wengi wa wateja wangu hukaa chini mno, kisha hulalamikia magoti.

Chukua tyubu mbili, pampu, viraka na solushen, na spana ya kufungulia gurudumu. Kingo za lami zimemegeka mahali pengi na ndiko vipande vya chupa hujikusanya, kwa hiyo pancha itakuwepo, na afadhali ujifunze kuiziba nyumbani kivulini.

Juu ya mavazi, dera haliendi na cheni iliyo wazi. Nimewahi kukata kitambaa kwa mkasi ili kumtoa mama mmoja aliyenaswa pale sokoni, na alikuwa akienda polepole tu. Funga kava kamili ya cheni, na uvae gauni linaloishia magotini juu ya suruali pana iliyobanwa kifundoni kwa mpira. Mtandio upite chini ya helmeti na ubanwe kwa pini mbili nyuma, usiwe na ncha ya kupeperuka. Akina dada kadhaa hapa mjini huendesha hivyo na stara yao haijapungua.

MuuguziMstaafu:

Mwalimu, pole kwa mama mdogo, Mungu amrehemu. Shemeji yako ameuliza swali la haki, lakini ndani yake mna dhana kwamba mtafiti ni mtu wa mbali, na kwamba fedha zikishamfikia hazimrudii mgonjwa.

Chukua mfano wa chanjo ya virusi vya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, kwa dozi mbili, na ninyi walimu mnajua jinsi mtoto anavyohamishwa shule katikati ya mwaka na kupotea kabla ya dozi ya pili. Kisha utafiti uliofanyika hapa hapa nchini, katika vituo vya KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, vya Kisumu, Thika na Nairobi, ukiwashirikisha wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ukaonyesha kwamba dozi moja tu ilikinga kwa zaidi ya 97% dhidi ya maambukizi ya kudumu ya aina mbili za virusi hivyo zilizo hatari kuliko zote, kwa kipindi cha miezi 18 kilichopimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja kuwa ratiba inayofaa. Msichana wa Muyeye anayechanjwa mara moja akamaliza amefaidika na utafiti huo, ingawa huenda asijue kamwe kwamba ulifanyika.

Kuhusu umio, kazi bado ni kubwa. Saratani hiyo imeenea katika ukanda wa Afrika Mashariki kwa kiwango ambacho watafiti wamekuwa wakijaribu kukieleza, kama vile Eldoret, kaskazini mwa Tanzania na Malawi. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo pengine husababisha saratani ya umio. Sisi tunaokunywa kahawa ikitoka tu kwenye dele, makaa yakiwa bado chini yake, tungefaa kusubiri kidogo kikombe kipoe. Sisemi kwamba mama mdogo aliugua kwa sababu ya chai. Hakuna awezaye kusema hivyo kuhusu mtu mmoja. Nasema kwamba swali la kwa nini linajibika, na halijibiki bila fedha.

Wala utafiti si lazima uwe wa mashine za mamilioni. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alisafiri na madaktari wenzake wawili kwa gari kuukuu kiasi cha kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali, akiuliza kama wamewahi kuona watoto wenye uvimbe wa taya wa aina fulani. Kwa kuhesabu na kuchora ramani tu akagundua kwamba ugonjwa ule ulifuata maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi, mwambao wetu ukiwemo. Kazi ya Burkitt juu ya ugonjwa huo iliwachochea wanasayansi wa London kutafuta kirusi ndani ya uvimbe huo, na mwaka 1964 wakakipata, hicho tunachokiita leo kirusi cha Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Nakumbusha hayo kwa sababu kuhesabu bado ndilo pengo letu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliipa Kenya zaidi ya wagonjwa wapya 42,000 na vifo zaidi ya 27,000, lakini makadirio hayo yalijengwa kwa sehemu kubwa juu ya rejista chache, hasa za Nairobi na Eldoret. Mgonjwa wa Marafa au Garashi anayefia nyumbani bila kupimwa hamo katika hesabu hiyo. Kama mngeniuliza mimi, fedha zenu ningezielekeza huko, kwenye kazi ya kuwaandika wagonjwa wa Pwani.

MleziNgala:

Kwa heshima zote, mama muuguzi, naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa maana mimi nimemuuguza baba mwenye saratani ya tezi dume na nayaona mambo kutoka upande wa kitanda.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pwani aliyeandikiwa mionzi hakuwa na njia isipokuwa Nairobi. Siku hizi Mombasa nayo ina tiba hiyo katika hospitali kuu ya umma, na tunashukuru, lakini kutoka Malindi bado ni safari ya basi kila juma au mpangilio wa kulala kwa watu, chakula kikiwa juu yako, na aliyekusindikiza akikosa kazi yake. Baba alikosa miadi kwa sababu ya nauli, si kwa sababu sayansi ilikuwa haijajua la kumfanyia. Zaidi ya hayo, kuna watu waliwahi kutujia na fomu, wakachukua damu na majibu ya maswali kurasa nzima, wakaahidi kurudi kutueleza walichokipata, na mpaka leo hatujawaona. Mtu aliyepitia hayo hawezi kufungua mkoba kwa kusikia neno utafiti.

Sipingi safari. Naomba tu kwamba mwalimu na wenzake wasimwombe mtu mchango kwa kumweleza habari za mgonjwa asiye na nauli, kisha fedha zikaenda maabara. Kama ni utafiti, semeni ni utafiti tangu mwanzo, na mtakaowapa fedha hizo wafungeni kwa ahadi ya maandishi kwamba matokeo yatarudi Malindi na kusomwa mbele ya watu kwa Kiswahili.

MhasibuPwani:

Mlezi amesema kweli, na hilo la kusema tangu mwanzo ndilo linalozifanya safari za namna hii zidumu au zife. Safari inayotajwa sana ni ile ya Massachusetts, Marekani, iitwayo Pan-Mass Challenge, iliyoanzishwa mwaka 1980 na Billy Starr, kijana aliyefiwa na mama kwa saratani. Mwaka wa kwanza walikuwa wapanda baiskeli 36 na walikusanya dola 10,200. Sasa jumla ya miaka yote imepita dola bilioni 1, na fedha zinakwenda katika taasisi moja tu ya saratani inayojulikana, Dana-Farber ya Boston. Kilichowajengea imani ni kwamba kila senti anayoiomba mpanda baiskeli hufika katika taasisi hiyo nzima nzima, kwa sababu chakula, maji, magari na usimamizi hulipwa kwa ada za washiriki na kwa kampuni zinazodhamini. Waholanzi nao, wanaopanda mlima wa Alpe d'Huez huko Ufaransa hadi mara sita kwa siku moja, waliianza safari yao mwaka 2006 kwa nia hiyo hiyo ya kutokata gharama ndani ya michango.

Kwa hiyo, mwalimu, jambo la kwanza mkalifanye kabla ya kuomba tena hata shilingi moja: chakula chenu, gari la kuwafuata, fundi na fulana mlipe wenyewe au mtafute mwenye duka wa kuvidhamini, ili muweze kumwambia mchangiaji bila kupepesa kwamba pesa yake haikununua soda ya mtu. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, na nambari ya Paybill iwe ya akaunti hiyo, isiwe simu ya mwenyekiti. Kukusanya kwa jamaa na marafiki ni jambo moja, lakini mkitaka kuzunguka na makopo sokoni au kwenye stendi, Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inataka kibali. Na kabla ya kumkabidhi mtafiti yeyote fedha, mwombeni leseni yake ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na barua ya kamati ya maadili iliyoupitisha mradi wake. Mtafiti wa kweli anavyo vyote viwili na hataona vibaya kuulizwa.

Kadirieni pia kwa uhalisia. Mkiwa 30 na kila mmoja akaleta 20,000, mtapata shilingi 600,000. Hizo hazijengi maabara, ila zinaweza kumlipa karani wa kumbukumbu kwa muda, au kugharimia kazi ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayepekua mafaili ya hospitali. Wazo la mama muuguzi, naona, linalingana na ukubwa wa mfuko wenu.

Katika kuomba, msitume ujumbe mmoja kwa makundi yote ya WhatsApp, kwa sababu ulioandikiwa watu wote haujibiwi na yeyote. Mwendee mtu kwa jina lake, mtajie kiasi, na mwambie ni kwa ajili ya nani unaendesha.

MwalimuWaBarani:

Ndugu zangu, nashukuru kuliko ninavyoweza kueleza. Nimekutana na wenzangu na tumeafikiana kusogeza safari hadi Jumamosi ya katikati ya Januari, ili tuwe mbali na Ramadhani na kaskazi iwe ingali nasi. Tutamalizia Mtwapa kama polisi hawatatupatia msindikizaji, ingawa wawili kati yetu walinuna kwa sababu walikwisha waahidi watu picha kwenye zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, Mombasa.

Kuhusu fedha, tumekubaliana kutafuta mradi wa kuwaandika wagonjwa wa Pwani, na muuguzi mmoja wa kikundi chetu atazungumza na hospitali kuuliza kama kazi ya namna hiyo inaendelea au inaweza kuanzishwa, pamoja na kuomba hizo karatasi mbili. Sharti la matokeo kusomwa Malindi kwa Kiswahili tumeliandika kama lilivyo. Ndugu yangu wa Ngala, nauli za wagonjwa tumeamua kuzifungulia mfuko wake mbali, usiochanganyika na huu, na shemeji yangu amekuwa wa kwanza kuuchangia huo wa nauli. Wa utafiti bado amekataa, na sasa namwelewa.

Limebaki swali dogo kwa MpandaWaKilifi: baiskeli tutazirudishaje? Gari la kutufuata ni dogo, halibebi zaidi ya nne.

MpandaWaKilifi:

Mabasi ya Malindi huzibeba, mwalimu, lakini si thelathini kwa mara moja. Kodini lori la mizigo linalorudi Malindi tupu baada ya kupeleka bidhaa Mombasa. Madereva wao hupatikana mapema asubuhi kwenye soko la jumla, na bei ya kurudi hujadilika vizuri kuliko ya kwenda. Zungusheni usukani ulale sambamba na fremu, fungueni pedeli, tieni maboksi au magunia katikati ya baiskeli moja na nyingine, na mmoja wenu akae na dereva mpaka zishushwe. Kila baiskeli ifungwe karatasi yenye jina, maana baiskeli za blackmamba zote zinafanana usiku.